Mapovu na Viputo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha sayansi Mikindani, Mtwara, na kila mwaka kipindi cha mapovu hunifuata hadi nyumbani. Wanafunzi huniuliza darasani, mama zao huniuliza bombani, wavuvi huniuliza pwani. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi mara nyingi zaidi, kuanzia ya mwanzo kwenda kwenye magumu. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Ya mwanzo

1. Kiputo ni nini, na kina tofauti gani na povu?

Kiputo ni hewa au gesi iliyofungwa na kimiminika. Kile kinachopanda ndani ya sufuria ya maji kina uso mmoja tu, pale gesi inapokutana na maji. Kile anachopuliza mtoto kina nyuso mbili, wa ndani na wa nje, na maji kidogo yamebanwa katikati kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Viputo vingi vikikaa pamoja na kugawana kuta, hilo ndilo povu.

2. Kwa nini maji matupu hayapulizi kiputo?

Watoto wa hapa hawanunui vipulizio. Wanakata jani la mpapai, wanaondoa sehemu pana, na kile kikonyo kirefu kinachobaki kiko wazi ndani kama bomba. Chovya ncha moja kwenye maji ya sabuni, puliza taratibu ncha ya pili, kiputo kinatoka. Sasa suuza kikonyo hicho hicho, ukichovye kwenye maji matupu. Utando utatokea mdomoni mwa bomba, utatuna kidogo kama shavu la mtoto, kisha utatoweka kabla hujamaliza pumzi.

Sababu inaanzia kwenye molekuli za maji, ambazo huvutana sana. Molekuli iliyo ndani ina wenzake pande zote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake upande wa hewa, hivyo inavutwa ndani na pembeni tu. Kwa hiyo uso wa maji muda wote unajikaza, unataka kuwa mdogo kadiri uwezavyo. Nguvu hiyo inaitwa mvutano wa uso, na kwa maji safi ya nyuzi 25 za Selsiasi ni takribani milinyutoni 72 kwa mita. Ndiyo inayombeba yule mdudu mwenye miguu mirefu anayekimbia juu ya dimbwi bila kuzama.

Shida ya maji matupu ni kwamba mkazo huo uko sawa kila mahali. Utando ukiwa mwembamba mahali fulani, hakuna kinachorudisha maji pale. Wembamba unaongezeka, na utando unakatika.

3. Basi sabuni inayapa maji nguvu?

Hapana, na hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea, nikiwemo mimi nilipokuwa mwanafunzi. Sabuni inayapunguzia maji nguvu. Mvutano wa uso unashuka hadi takribani theluthi moja ya ule wa mwanzo, milinyutoni 25 hadi 30 hivi.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukiitia kwenye maji, inakwenda juu na kusimama kichwa chini, mkia hewani. Kwenye utando wa kiputo zinajipanga pande zote mbili: mikia nje, vichwa ndani, maji katikati. Uso uliojaa mikia ya sabuni haujikazi kama uso wa maji matupu, ndiyo maana unakubali kutanuliwa.

4. Kama sabuni inapunguza nguvu, ni nini kinachokishika kiputo?

Chukua sahani ya maji, nyunyiza pilipili manga ya unga juu yake, kisha gusa katikati kwa ncha ya kidole chenye sabuni. Pilipili itakimbia hadi ukingoni mara moja. Haijasukumwa na sabuni. Imevutwa na maji ya pembeni, ambayo bado yana mkazo mkubwa, kwa sababu pale katikati mkazo umepungua. Uso wa kimiminika daima hukimbilia kule unakovutwa zaidi.

Sasa fikiria utando wa kiputo. Upepo unautanua mahali pamoja. Pale palipotanuka, molekuli za sabuni zimeachana, kwa hiyo mkazo wa hapo unapanda. Mkazo ukipanda, uso wa jirani wenye sabuni nyingi unavutwa kuelekea kwenye kidonda, na unapokuja unakokota na maji yaliyo chini yake. Palipokuwa pembamba panajazwa. Kiputo kinajiganga chenyewe, tena na tena, bila kupumzika.

Mwitaliano Carlo Marangoni aliichunguza tabia hii ya kimiminika kukimbilia penye mkazo mkubwa, akaiandikia mwaka 1865, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mimi kila nikiiona sahani ile ya pilipili nasisimka, na nimeifanya mara nyingi mno.

5. Kwa nini kiputo ni cha mviringo hata nikipulizia kwenye waya wa pembe nne?

Waya unaamua umbo la utando wakati umeushikilia tu. Kiputo kikishaachia, mkazo unavuta pande zote sawa na kutafuta uso mdogo kabisa unaoweza kuifunga hewa ile. Umbo hilo ni tufe, hakuna jingine.

## Rangi na kupasuka

6. Rangi zinatoka wapi, ilhali sabuni yangu ni nyeupe?

Zinatoka kwenye mwanga wenyewe. Mwanga wa jua ni rangi nyingi pamoja, zenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Ukigonga kiputo, sehemu moja inarudi kutoka uso wa nje, nyingine inarudi kutoka uso wa ndani ikiwa imesafiri zaidi kidogo. Zinapokutana, rangi fulani zinaongezeana nguvu na nyingine zinafutana. Ni rangi gani itabaki inategemea unene wa utando mahali pale. Kwa hiyo ukiangalia rangi za kiputo unasoma ramani ya unene wake.

Utando huo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Unywele mmoja unakaribia nanomita 80,000. Kiputo kikiwa kipya kina elfu moja hivi au zaidi kidogo, halafu kinaendelea kupungua.

7. Kwa nini juu ya kiputo panakuwa peusi kabla hakijapasuka?

Maji yanashuka kwa uzito wake, kwa hiyo juu panakuwa pembamba kuliko chini. Unene ukishuka chini ya nanomita 30 hivi, mwanga unaorudi kutoka nyuso mbili unafutana karibu wote, rangi zote kwa pamoja. Jicho linaona weusi, kana kwamba pana tundu. Pale bado pana utando. Chukua kikombe, chovya mdomo wake kwenye maji ya sabuni, kisimamishe kwa ubavu karibu na dirisha, na usubiri. Mistari ya rangi itashuka mmoja baada ya mwingine, na juu kabisa litatokea doa jeusi lenye ukingo mkali kama limekatwa kwa mkasi. Ukiliona, usipepese macho.

8. Kinapasuka kwa kasi gani?

Tundu likishafunguka, mkazo unauvuta ukingo wake, nao unakusanya maji njiani. Kwa utando wenye unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, ukingo huo hukimbia karibu mita 7 kwa sekunde, na mwembamba zaidi hukimbia zaidi. Kiputo chenye upana wa sentimita 6 kinamalizika kwa takribani sehemu moja ya mia ya sekunde, ndiyo maana hujawahi kuona kikipasuka nusu.

9. Kwa nini kidole kikavu kinakipasua, na kilicholowa hapana?

Kidole kikavu kinanyonya maji kutoka utandoni na kuacha tundu. Kilicholowa maji ya sabuni kinaungana na utando kama sehemu yake. Unaweza kukipitisha hadi ndani na kukitoa. Mafuta ni kesi nyingine. Mtoto aliyetoka kupakwa mafuta ya nazi hapati kiputo mkononi hata akilowesha vidole, kwa sababu matone madogo ya mafuta hutanda juu ya utando na kuivuruga ile kazi ya kujiganga (swali la 4).

## Maji yetu na sabuni zetu

10. Kwa nini maji ya kisima changu hayatoi povu?

Hili nalijibu kwa aibu ya zamani. Mara ya kwanza kulifundisha somo hili, katika shule nyingine, nilichota maji ya kisima kilichokuwa karibu, nikamimina sabuni ya mche iliyokunwa, nikawaita watoto arobaini na kitu waje kuona. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Juu ya beseni palielea mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika, na pembeni pakaganda utando wa kunata.

Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Maji yanayopita humo yanabeba kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia. Madini hayo yanaishika sabuni ya mche na kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka, yale mabonge niliyoyaona. Sabuni inakwisha kabla haijafika juu ya maji kufanya kazi yake. Tunayaita maji magumu.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Waliokulia Newala na vijiji vingine vya juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua inakingwa kutoka kwenye mabati na kutunzwa, wanajua jinsi kipande kidogo cha sabuni kinavyojaza beseni povu. Wakishuka pwani wanadhani sabuni ya huku ni feki. Sabuni za unga na za maji za kisasa zimetengenezwa kwa namna ambayo chokaa haiziathiri sana, kwa hiyo hata kwa maji ya kisima zitakupa povu.

11. Bibi anasema sabuni ya nazi inatoa povu hata baharini. Kweli?

Kweli, na bibi apewe heshima yake. Mabaharia walilijua jambo hili zamani.

Chumvi nyingi huifukuza sabuni kutoka kwenye maji. Mafundi wa sabuni wanaitumia makusudi: wanatia chumvi kwenye sufuria ili sabuni ijitenge na kuelea. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, na sabuni ya mawese au ya mafuta ya wanyama, yenye mikia mirefu, inashindwa humo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauri, ambayo mkia wake ni mfupi, kaboni 12 tu badala ya 16 au 18. Mkia mfupi unaifanya sabuni iyeyuke kwa urahisi zaidi na kuivumilia chumvi. Povu lake baharini si jingi kama la maji ya mvua, lakini lipo. Akina mama wanaopika sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki wana sababu ya kulisema hili wanapoiuza.

12. Povu jingi maana yake nguo inatakata zaidi?

La. Kinachotakatisha ni molekuli za sabuni kuzunguka uchafu wa mafuta na kuubeba ndani ya maji. Povu linakuonyesha tu kwamba bado ipo sabuni iliyobaki huru. Likitoweka ghafla katikati ya kufua, ama mafuta ya nguo yamelivunja, ama maji ni magumu.

13. Nichanganye vipi ili watoto wapate viputo vya kudumu?

Vikombe sita vya maji ya mvua au yaliyochujwa, kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kijiko kimoja au viwili vya gliserini, ile ya kupaka inayouzwa dukani. Koroga polepole, maana povu ukilitengeneza kwenye ndoo ni adui wa kiputo. Ukiacha mchanganyiko ulale usiku mmoja unakuwa mzuri zaidi.

Gliserini inashika maji yasikauke haraka. Sukari iliyoyeyushwa inafanya kazi hiyo hiyo, ila itawaletea sisimizi. Ukitaka viputo vikubwa kama pipa, tia kitu chenye utelezi wa nyuzinyuzi, kama unga wa gamu unaotumika kwenye vyakula. Mnyororo wake mrefu wa molekuli unauruhusu utando kutanuka sana bila kukatika.

14. Kwa nini viputo vyetu vinashuka chini, na vya kwenye video vinapaa?

Utando wa kiputo cha sentimita 6, ukiwa na unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, una uzito wa takribani miligramu 11. Kinachoweza kukiinua ni joto la pumzi yako, nyuzi 34 hivi, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Mahali penye baridi tofauti hiyo ni kubwa. Mchana wa Mtwara wakati wa kaskazi, hewa ya nje yenyewe inakaribia nyuzi 31, kwa hiyo pumzi haina cha kukinyanyulia. Pulizia alfajiri ya mwezi wa Julai, kabla upepo haujaamka, uone vitakavyokawia hewani. Unyevu wa asubuhi nao unachelewesha kukauka.

## Jikoni

15. Viputo vya mwanzo kwenye sufuria ni vya mvuke?

Bado. Maji yakipata uvuguvugu, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inafukuzwa, na inajikusanya kwenye mikwaruzo ya sufuria. Mvuke wenyewe unakuja baadaye, kwa viputo vikubwa kutoka chini. Ule mlio wa sufuria kabla haijachemka ni viputo vya mvuke vinavyopanda, vinakutana na maji ya baridi na kuporomoka.

16. Kwa nini maharage na maziwa yanafurika, na maji hayafuriki?

Maharage yanaachia protini na vitu vingine vyenye tabia ya sabuni. Maziwa yana protini zake. Viputo vya mvuke vinapofika juu vinavikwa utando badala ya kupasuka, vinapandana, vinamwagika. Tone la mafuta kwenye maharage linatuliza, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 9.

17. Na uraka?

Chachu inakula sukari ya juisi ya mabibo na kutoa kilevi pamoja na hewa ukaa. Viputo unavyoviona ni hewa hiyo. Usifunge chombo kwa nguvu. Kanieneo, yaani mkandamizo wa gesi, inayojengeka ndani inaweza kupasua chupa.

## Pwani na baharini

18. Povu jeupe linaloletwa ufukweni ni uchafu?

Mara nyingi ni la asili. Mawimbi yanapovunjika yanaingiza hewa majini, na kwenye maji ya chumvi viputo havipendi kuungana, vinabaki vidogo. Chumvi peke yake hailiwezeshi povu kudumu. Linadumishwa na protini na mabaki mengine ya mwani na viumbe vidogo vilivyokufa. Kusi ikivuma kwa nguvu, linakusanyika kama pamba. Likiwa na harufu ya mafuta au ya choo, hilo ni jambo jingine, usiwaache watoto walichezee.

19. Viputo vinavyotoka kwenye tope la mikoko ndiyo gesi ya Mnazi Bay?

Naulizwa hili kila msimu, na naelewa kwa nini. Gesi iligunduliwa Songo Songo, Lindi, mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu hapo kila kiputo cha topeni kinatazamwa kwa matumaini.

Kwenye tope la mikoko hewa haifiki. Bakteria wanaoozesha majani humo wanatoa methani, hewa ukaa, na ile gesi inayonuka yai viza. Ukikanyaga, unaviachia. Methani ya topeni na ya chini ya miamba ni kitu kile kile na zote zinawaka, kwa hiyo kiberiti hakitakuambia chochote, na ni hatari. Maabara ndiyo huzitofautisha, kwa kupima aina za kaboni zilizomo na gesi nyingine zilizochanganyika nayo.

20. Nikizamia mwambani nasikia mlio kama wa kukaanga. Ni nini?

Ni viputo, na hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote ya bahari. Kuna kamba mdogo wa mwambani mwenye gando moja kubwa, linaloweza kufikia nusu ya urefu wa mwili wake. Analifunga gando hilo haraka kiasi kwamba maji yanachomoka kwa kasi kubwa, kanieneo inashuka, na kiputo kinazaliwa nyuma ya mchirizi. Papo hapo bahari inakiponda. Mlio unatoka kwenye kuporomoka kwa kiputo, si kwenye gando kujigonga. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2000 kwa kamera ya kasi sana. Kamba wengi wakipiga kwa pamoja, unasikia kikaango.

Viputo vya aina hiyo hiyo ndivyo vinavyotafuna propela za boti na kuziacha na vishimo kama zimeliwa na mchwa.

## Magumu zaidi

21. Viputo viwili vikiungana, kwa nini kidogo kinamvimbia mkubwa?

Kanieneo ya ndani ya kiputo ni kubwa kadiri kiputo kilivyo kidogo. Kwa kile cha sentimita 6 inazidi ya nje kwa paskali 3 au 4 tu, wakati hewa ya dunia inatukandamiza kwa paskali 101,000 hivi. Ukipunguza kipenyo nusu, ziada inakuwa mara mbili. Kwa hiyo ukuta kati ya kidogo na kikubwa unabinuka kuelekea kikubwa. Ukiviunganisha kwa bomba, kidogo kitajimwaga chote ndani ya kikubwa.

Povu nalo lina kanuni zake: kuta hukutana tatu tatu, kwa pembe za nyuzi 120. Mbelgiji Joseph Plateau alizitangaza kanuni hizi katika kitabu cha mwaka 1873, akiwa kipofu kwa miaka mingi. Wengine walimtazamia, yeye akauliza maswali.

22. Kiputo kinaweza kukaa muda gani?

Cha sabuni ya kawaida, sekunde au dakika. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa walitangaza kimoja kilichodumu siku 465. Walikivika chembe ndogo za plastiki badala ya sabuni, na kwenye maji walitia gliserini, ambayo inavuta unyevu wa hewani na kufidia kinachokauka.

23. Ni kweli mapafu nayo yana sabuni?

Ndiyo. Mama mmoja aliyejifungua njiti aliniuliza hili baada ya kusikia maneno ya wauguzi, nami namjibu hapa kwa urefu anaostahili.

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu sehemu mbili hadi tatu za kumi za milimita moja. Ndani vimelowa. Kwa yale ya swali la 21, kifuko kidogo chenye maji matupu kingevutwa na mkazo hadi kisinyae, na kila pumzi ingekuwa kazi ya kukifungua upya. Mwili unazuia hilo kwa kutengeneza mafuta yake yenye tabia ya sabuni, yenye kichwa na mkia kama tulivyoona, yanayoshusha mkazo huo. Mtoto hutengeneza ya kutosha akifika wiki ya 34 au 35 hivi ya mimba. Akizaliwa mapema, anaweza kukosa.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, Marekani, walionyesha kwamba njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu huo. Leo mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na penye uwezo mtoto hupewa dawa yenyewe moja kwa moja kwenye njia ya hewa.

Kipimo kimoja cha zamani, kilichotangazwa mwaka 1972, kilikuwa rahisi kiasi cha kunitoa machozi nilipokisoma. Daktari alichukua maji kidogo ya uzazi, akayachanganya na spiriti ndani ya kichupa, akatikisa, kisha akakisimamisha na kutazama saa. Pete ya viputo ikiwa bado imezunguka ukingo baada ya dakika 15, mapafu ya mtoto yalikuwa tayari.